Ingrid Bergman na Ghadhabu ya Seneti

Tarehe 29 Agosti ndiyo siku aliyozaliwa Ingrid Bergman mjini Stockholm mwaka 1915, na ndiyo siku aliyofariki dunia mjini London mwaka 1982, akiwa ametimiza miaka 67. Kila tarehe hiyo inapowadia, anayekumbukwa zaidi ni yule mwanamke wa Casablanca, filamu ya mwaka 1942, ilhali kazi yake nzito kuliko zote aliifanya katika miaka ambayo Marekani ilimkataa.

Akiwa yatima wa wazazi wote wawili kabla ya kufikisha miaka 14, alisomea uigizaji Stockholm, na mwaka 1939 mtayarishaji David O. Selznick akampeleka Hollywood, ambako alikataa kubadilishwa jina na kunyolewa nyusi. Filamu ya Gaslight (1944) ilimpa Tuzo yake ya kwanza ya Oscar. Alipoigiza mtawa mwaka 1945, kisha Joan wa Arc mwaka 1948, watazamaji wengi walimwona kama mtakatifu hasa, na humo ndimo ilimochipuka hasira iliyomwangukia baadaye.

Aliyemvutia Italia ni Roberto Rossellini, bingwa wa uhalisia mpya, yaani mtindo wa filamu wa baada ya vita uliotoka studio ukaingia mitaani na kuwapa watu wa kawaida nafasi ya kuigiza. Bergman alimwandikia barua ya kuomba kazi, na mwaka 1949 wakaenda kupiga filamu Stromboli, kisiwa chenye volkeno hai kaskazini mwa Sicily, ambako uhusiano wao uligeuka mapenzi ingawa yeye alikuwa bado mke wa daktari Petter Lindström. Wakati huohuo Anna Magnani, mwigizaji mashuhuri aliyeachwa na Rossellini, alikuwa katika kisiwa cha jirani akipiga filamu ya Vulcano, na ushindani huo ukaitwa vita vya volkeno. Tarehe 2 Februari 1950, talaka ikiwa haijakamilika, Bergman alijifungua mtoto wa kiume mjini Roma. Tarehe 14 Machi, Seneta Edwin Johnson wa Colorado alimshutumu vikali ndani ya Seneti, akapendekeza sheria ya leseni, yaani kibali cha serikali kitakachotolewa kwa waigizaji na filamu kwa kupima maadili yao. Pendekezo hilo halikuwa sheria. Hata hivyo, katika kumbukumbu alizozitoa mwaka 1980 pamoja na Alan Burgess, Bergman anaeleza uchungu wa kutenganishwa na bintiye, Pia.

Matunda ya miaka aliyofanya kazi na Rossellini ni Europa '51 na Viaggio in Italia (1954), filamu kuhusu ndoa inayovunjika jijini Naples, ambayo haikupata watazamaji wengi lakini ilisifiwa mno na wahakiki vijana wa Ufaransa, ambao baadaye wenyewe walikuja kuwa waongozaji. Anastasia (1956) ilimpa Oscar ya pili, iliyopokelewa kwa niaba yake na Cary Grant, na ya tatu ikaja kwa filamu ya mwaka 1974. Mwaka 1972 Seneta Charles Percy alimtetea katika Seneti ileile.

Nyumba aliyokaa na Rossellini kisiwani Stromboli ina bamba la ukumbusho ukutani, heshima ambayo vituo vya televisheni vingeweza kuiiga kwa kuionyesha Viaggio in Italia kila Agosti.