Kenya Ilishasogeza Saa Mara Nne, na Dakika Zenyewe Bado Tunazo

Oktoba ikiisha, kuna kitu huwachanganya watu wengi kwenye vibanda vya mpira huku Murera. Mechi ya Jumamosi ya EPL iliyokuwa ikianza saa kumi na moja jioni inakuwa ya saa kumi na mbili. Ligi ya Mabingwa, ambayo ulikuwa unaitazama saa nne usiku, inahamia saa tano, na kesho yake uko na darasa la asubuhi. Ukiuliza, unaambiwa ni Wazungu wamerudisha saa zao nyuma. Mwisho wa Machi wanazipeleka mbele tena, mechi inarudi mahali pake, tunasahau hadi Oktoba ingine.

Watu huongea kuhusu hii kitu kama sarakasi ya Ulaya na Marekani isiyotuhusu. Sasa nikuulize: ulijua Kenya yenyewe ilisogeza saa mara nne kati ya 1928 na 1942? Na kwamba ile mara ya mwisho hatukuwahi kurudisha? Saa iliyo kwa simu yako sasa hivi iko mbele ya jua la Murera kwa kama dakika 32. Hatuhitaji kubishana kama Kenya ijaribu kusogeza saa. Tulishasogeza, tukasahau.

Tuanze na hesabu, ni rahisi. Dunia inazunguka digrii 15 kwa saa moja, yaani digrii moja kila dakika 4. Murera, hapa katikati ya Ruiru na Thika, iko kama digrii 37 mashariki ya Greenwich kule London. Zidisha 37 kwa 4, unapata dakika 148, ambazo ni saa 2 na dakika 28. Hiyo ndiyo tofauti halisi ya jua letu na jua la Greenwich. Lakini saa ya Kenya inasema tofauti ni saa 3 kamili. Zile dakika 32 zimetoka wapi?

Zamani kila mahali palikuwa na saa yake. Jua likiwa utosini ni saa sita mchana, basi, na kama la Mombasa lilitangulia la kwenu, hiyo ilikuwa shida ya nani? Reli ndiyo iliharibu hayo mambo. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu 1901, na jua la Mombasa liko mbele ya la Kisumu kwa karibu dakika 20. Huwezi kuendesha garimoshi kwenye njia moja kila stesheni ikiwa na saa yake. Mei 1908 serikali ya kikoloni ikatangaza saa moja kwa nchi nzima, saa 2 na nusu mbele ya Greenwich. Kwa mtu wa Murera hiyo ilikuwa karibu sawa na jua, tofauti ya dakika 2 tu. Pengine hiyo ndiyo saa ya haki zaidi ambayo sehemu hii imewahi kupewa.

Kisha ikaja fasheni kutoka Ulaya. Kule kulikuwa na fundi wa kujenga nyumba wa London, William Willett, ambaye mwaka 1907 alichapisha kijitabu akilalamika kwamba watu wanalala huku jua la kiangazi likiwaka bure asubuhi. Walimcheka, akafa 1915 bila kuona kitu. Mwaka uliofuata Ujerumani, ikiwa vitani na ikitaka kuokoa makaa ya mawe, ikasogeza saa mbele Aprili 30. Uingereza ikafuata wiki tatu baadaye. Vita ilifanya kile ambacho kijitabu kilishindwa.

Kenya nayo, usiku wa Juni 30, 1928, ikapeleka saa mbele nusu saa: tukawa saa 3 mbele ya Greenwich. Ilidumu mwaka mmoja na nusu. Usiku wa Januari 4, 1930 wakarudisha nyuma. Ukidhani wamejifunza, subiri: Desemba 31, 1936 usiku wa manane wakasogeza tena, safari hii robo saa. Saa 2 na dakika 45. Robo saa, bana! Nepal ndiyo nchi ninayojua inayoishi hivyo hadi leo. Halafu Julai 31, 1942, Vita vya Pili vikiwa vimechacha, wakaongeza robo ya pili. Tukarudi saa 3 kamili, na hapo ndipo tumekaa hadi leo, uhuru umekuja, katiba mpya imekuja, saa ni ileile ya 1942.

Cheki tarehe hizo tena. Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria alikuwa Eliud Mathu, Oktoba 1944. Kwa hivyo mara zote nne saa ilisogezwa hakukuwa na Mwafrika hata mmoja kwenye chumba ambamo sheria za nchi zilitungwa. Na wakati huo ukanda huu wa Ruiru na Thika ulikuwa mashamba ya walowezi, kahawa na mkonge. Mchumaji wa kahawa alilipwa kwa debe, si kwa saa. Mwenye kazi ya mwezi alikuwa na tikiti ya siku 30, nyapara anaweka alama siku ikiisha, na kipande kining'inie shingoni. Mtu kama huyo ukimwambia saa imekwenda mbele nusu saa, unachomwambia ni kwamba kengele ya shamba italia mapema kuliko jana, kukiwa bado giza na umande. Jioni yenye mwanga zaidi ni tamu kwa mtu ambaye jioni ni yake.

Na kuna jambo lingine ambalo sisi wenye Kiswahili tunapaswa kuliona haraka kuliko Willett. Saa yetu imefungwa kwa jua. Mwingereza anahesabu kuanzia usiku wa manane, wakati ambao hakuna kitu angani cha kukuonyesha. Sisi tunahesabu kuanzia macheo: jua limetoka, saa ya kwanza ya mchana ikiisha ni saa moja. Linazama, saa ya kwanza ya usiku ikiisha ni saa moja tena. Hata nyanya yangu akisema kwa Kikuyu "thaa imwe" anamaanisha hiyohiyo. Mfumo huu unawezekana kwa sababu tuko karibu na ikweta. Mchana wa Murera ni saa 12 na dakika chache, mwaka mzima. London mchana wa Desemba haufiki saa 8, wa Juni unapita saa 16. Mwenye mchana unaovutika hivyo ana kitu cha kuokoa. Sisi tunaokoa nini?

Hapo ndipo watu wengi huishia: tuko ikweta, haituhusu, kwisha. Lakini hata hapa jua halitoki dakika ileile kila siku. Kwa sababu ya jinsi dunia inavyoinama na kulizunguka jua, mwanzoni mwa Novemba jua la Murera linatoka karibu saa kumi na mbili na dakika 11 asubuhi, na katikati ya Februari linatoka saa kumi na mbili na dakika 42. Jioni, Novemba linazama na dakika 20 hivi, Februari na dakika 51. Nusu saa nzima, bila serikali kutangaza chochote. Ukiona Februari unaamka ukihisi kama umeibiwa usingizi, usijilaumu, una sababu ya kisayansi.

Sasa faida na hasara, tuwe wakweli. Tungebaki na saa ya 1908, Novemba jua lingekuwa linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Mama mboga angewasha taa mapema, watoto wangepoteza nusu saa ya boli uwanjani, na wewe unayetoka shule au kazini ungepata giza mapema zaidi. Hiyo nusu saa ya jioni ni kitu kikubwa, hasa kwa msichana anayeshuka steji na kutembea njia isiyo na taa hadi kwenye ploti. Siwezi kusema 1942 walitukosea moja kwa moja.

Lakini giza halijapungua hata kidogo, limehamishiwa asubuhi. Na asubuhi ya Murera inaanza mapema sana. Wa kwenda tao wanataka kuwahi msongamano wa Thika Road, kwa hivyo saa kumi na moja wako steji. Gari la shule linapita saa kumi na moja na nusu, mtoto wa darasa la pili amelalia dirisha. Kanuni za elimu ya msingi za 2015 zinasema masomo yaanze saa mbili asubuhi, lakini wewe unajua shule ngapi mtaani kwenu zinangoja saa mbili. Kwa jua la kweli la Murera, saa kumi na moja na nusu ni kabla ya saa kumi na moja. Mtoto anaamshwa usiku, tunaita asubuhi.

Majirani wamelifikiria hili kuliko sisi. Mauritius walijaribu saa za kiangazi, Oktoba 2008 hadi Machi 2009, msimu mmoja tu, wakaachana nazo. Sudan walisogea mbele saa nzima mwaka 2000, wakarudi nyuma Novemba 2017. Sudan Kusini, wenzetu wa Jumuiya, walirudisha saa moja nyuma Februari 1, 2021, na walikuwa na sababu, maana jua la Juba liko nyuma ya letu kwa zaidi ya dakika 20. Kampala hawajagusa kitu. Februari jua linatoka huko karibu saa moja kamili asubuhi, na hakuna anayelalamika kwa sauti.

Ulaya kwenyewe wamechoka. Mwaka 2019 Bunge la Ulaya lilipiga kura kuacha kubadilisha saa kufikia 2021, lakini nchi hazikuelewana zibaki na saa gani, hadi leo wanasogeza. Na ile hoja ya kuokoa umeme? Jimbo la Indiana, Marekani, lilianza kusogeza saa kote mwaka 2006, watafiti wakaangalia bili za stima, wakakuta matumizi ya nyumbani yamepanda kwa karibu asilimia 1. Taa ziliwashwa kidogo, viyoyozi vikawashwa sana.

Wanaoumia zaidi na kusogezwa kwa saa hapa kwetu leo ni vijana wa kazi za mtandaoni. Kama mteja wako ako New York, saa tatu yake ya asubuhi ni saa kumi na moja yako jioni wakati wa baridi, na saa kumi wakati wa kiangazi. Marekani wanabadilisha Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza Jumapili ya mwisho. Mwenye wateja wawili pande hizo mbili anaishi wiki mbili au tatu ambazo ratiba haikubali kukaa. Anayebadilishiwa maisha yuko kwenye bedsita Ruiru, na aliyebadilisha hata hajui kwamba yupo. Inafanana sana na 1928.

Msimamo wangu, kwa hivyo: Kenya isianzishe kusogeza saa, na pia isirudi 1908. Kuhama leo kutoka saa 3 kamili kungevuruga ndege, benki na kila simu, kwa faida ya dakika 30. Kinachoweza kuhama ni saa ya kuripoti. Shule inaweza kuamua kwamba Januari hadi Machi gari la kwanza lichukue watoto nusu saa baadaye, bila kuuliza mtu Greenwich. Kaunti inaweza kuweka taa kutoka steji hadi ndani ya mtaa, ndipo tuache kuchagua kati ya giza la asubuhi na la jioni.

Na kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyezaliwa kabla ya 1940, muulize kama wazazi wake waliwahi kumwambia chochote kuhusu saa kusogezwa. Andika jibu lake hapo chini, nitalisoma.