Nakisi Isiyoandikwa: Madeni ya Wazabuni na Uchumi wa Kenya

Mjadala wa nakisi ya bajeti nchini Kenya huhesabu mikopo. Hatifungani ya kimataifa ya mwaka 2014, mkopo wa China uliojenga reli ya Mombasa hadi Nairobi, hati za Hazina zinazopigwa mnada na Benki Kuu: hayo ndiyo yanayojaza kurasa za magazeti. Dai langu ni kwamba nakisi inayoutafuna uchumi zaidi ni ile iliyochukuliwa kwa watu ambao hawakukubali kukopesha, yaani wazabuni na wanakandarasi waliokwisha kutoa bidhaa na huduma lakini hawajalipwa.

Mkopo ulioandikwa una bei. Februari 2024 Kenya iliuza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 kwa riba ya 9.75% ili kulipia sehemu ya ile ya 2014, iliyokuwa na riba ya 6.875%. Mwezi huohuo hatifungani ya miundombinu iliuzwa nchini kwa wastani wa 18.46%. Benki inayopata faida ya namna hiyo kwa Serikali haina haja ya kumsikiliza fundi wa vyuma anayetaka mtaji. Madhara haya ni makubwa, lakini yako wazi: riba hupanda, watu hulalamika, Bunge huuliza.

Deni la mzabuni halina mnada wala tarehe ya kuiva. Chukua mfanyabiashara anayepeleka magodoro na mashuka katika hospitali ya umma. Amekopa benki kwa kuonyesha hati ya ununuzi, amenunua mali, amepeleka, na stakabadhi ya kupokelewa imesainiwa. Akitoa ankara ya shilingi milioni 1, kodi ya ongezeko la thamani ya 16%, yaani shilingi 160,000, inadaiwa na Mamlaka ya Mapato (KRA) ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, awe amelipwa au hajalipwa. Serikali inamdai kodi ya mauzo ambayo yenyewe haijayalipia! Mkopo wake ukipitisha siku 90 bila marejesho, benki inauhesabu kuwa chechefu. Vibarua wanasimamishwa, mwenye kiwanda cha magodoro naye anacheleweshewa chake, na benki inapandisha riba kwa wateja wengine ili kufidia hasara. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inatambua riba kwa malipo yaliyochelewa, lakini anayeidai anajua kwamba zabuni ijayo iko mikononi mwa ofisi ileile.

Kwa miaka mingi hesabu za Serikali zilifuata fedha taslimu: matumizi yaliandikwa siku ya kulipa. Kwa mfumo huo, kutolipa kunapunguza nakisi kwenye vitabu. Waziri anayetaka kuonekana amebana matumizi hahitaji kufuta mradi wowote. Anachelewesha tu hundi. Mwaka 2023 iliundwa kamati ya kuhakiki madeni yaliyolimbikizwa tangu 2005. Baadhi ya wadai walikuwa wamesubiri hivyo kwa karibu miongo miwili.

Wapo wanaosema tatizo ni maafisa kuagiza kiholela. Ni kweli kwa kiasi, ndiyo maana sheria hiyohiyo inakataza kuanza ununuzi kabla ya fedha kutengwa. Lakini afisa anaweza kuitii sheria kikamilifu na deni likazaliwa vilevile, kwa sababu fedha zilizotengwa zinatokana na makadirio ya mapato yaliyopambwa. Makusanyo yakipungua, kasma inabaki na fedha hazipo. Muswada wa Fedha wa 2024 ulitarajiwa kuleta zaidi ya shilingi bilioni 340. Ulipoondolewa mwezi Juni kufuatia maandamano ya vijana, matumizi yalilazimika kupunguzwa. Wananchi walikuwa na haki ya kuukataa. Hatari ni kwamba pengo la namna hiyo, lisipofungwa kwa kufuta shughuli halisi, huhamia kimyakimya kwa wazabuni.

Baraza la Mawaziri liliidhinisha mwaka 2024 kuhamia mfumo unaoandika gharama pale inapotokea. Mfumo huo ukitekelezwa kwa ukamilifu utaikuza nakisi kwenye karatasi, na Hazina itashawishika kuuchelewesha. Isikubali. Itangaze kila robo mwaka madeni ya kila wizara pamoja na umri wake, ilipe yaliyohakikiwa kwa kuanzia na ya zamani zaidi, na KRA isimdai mzabuni wa Serikali kodi ya mauzo hadi siku atakapolipwa.