Dar es Salaam hadi London: Miji Iliyoachwa Njiani

Sisi tukaao Vingunguti hatuna haja ya kuulizia saa za ndege, kwa kuwa zinaposhuka kwenda uwanja wa ndege wa Kipawa hupita juu ya mapaa yetu ya bati, na mazungumzo ya barazani hukatika mpaka mvumo wake uishe. Katika kungojea huko ndimo nilimoingiwa na shauku ya kuchungua tarehe ya masafa baina ya mji huu na London, masafa ambayo kwa njia ya angani ni kiasi cha kilomita 7,500, wala hayajapungua hata shubiri moja. Kilichopungua ni muda, na muda huo, kwa itikadi yangu, ulipunguzwa kwa gharama ya miji mingine.

Zama za meli, hata baada ya kufunguliwa mfereji wa Suez mwaka 1869, msafiri alikaa baharini majuma matatu au zaidi. Kisha, tarehe 28 Februari 1931, shirika la Imperial Airways likaanzisha safari ya barua kutoka London, na mwisho wake haukuwa Dar es Salaam, wala Nairobi, bali Mwanza, kwa sababu ndege za majini zilihitaji maji tulivu tu, na Ziwa Nyanza lilikuwa nayo tele. Fahari hiyo haikutimiza mwaka: Januari 1932 njia iliponyooshwa hadi Cape Town, ikapitia Kisumu, Nairobi, Dodoma na Mbeya, na Mwanza ikaachwa kando.

Mwaka 1937 njia ikahamia pwani. Ndege kubwa za majini, zenye injini nne, ziliondoka Southampton kwenda Durban, na kwa kuwa hazikuweza kuruka mbali bila kujazwa mafuta, zilitua Kisumu, Mombasa, bandarini Dar es Salaam, kisha Lindi, ndipo zikaendelea Msumbiji. Usiku hazikuruka, abiria walishuka wakalala nchi kavu, na safari nzima ikachukua chini ya juma moja. Nastaajabu kila nikifikiri kwamba Lindi, mji ambao barabara yake ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa ikikatika kila masika kwa miaka mingi baadaye, uliwahi kuwa kituo katika njia ya Ulaya, kwa hisani ya ghuba yake.

Vita vikaja, viwanja vya nchi kavu vikaongezeka, na ndege za majini zikastaafu. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya kwanza ya jeti ya abiria, Comet, ilitoka London ikafika Johannesburg kwa muda usiotimia saa 24, ikitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone: Tanganyika nzima haikupata hata kituo kimoja. Baadaye Dar es Salaam ilipata ndege ya moja kwa moja, ya saa kumi hivi, lakini British Airways iliifuta mwaka 2013, nasi tukaonja yaliyoipata Mwanza.

Huko Lindi ghuba ingali tulivu kama ilivyokuwa mwaka 1937, na mtu wa huko aendaye London huianza safari yake kwa kuja kwanza Dar es Salaam.