Riwaya ya Vijana kama Ushahidi wa Historia ya Ukimbizi

Linda Sue Park, Mmarekani aliyezaliwa na wazazi wahamiaji kutoka Korea, alichapisha A Long Walk to Water mwaka 2010. Riwaya hiyo ya vijana inasimulia maisha ya Salva Dut, Mdinka aliyekimbia vita vya Sudani mwaka 1985 akiwa na miaka 11. Mwaka 1991, baada ya utawala wa Mengistu kuanguka, wakimbizi walifukuzwa Ethiopia. Wengi walifia katika mto Gilo, naye Salva akawaongoza wavulana hadi Kenya. Hapo riwaya inasimama juu ya ushuhuda. Nya, binti wa Kinuer achotaye maji mwaka 2008, ni mhusika wa kubuni. Mtafiti asimfanye shahidi.

Kwa msomaji wa Mazwi habari hizi si ngeni. Katumba na Mishamo, makazi ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, yalikuwa Mkoa wa Rukwa hadi Katavi ilipoundwa mwaka 2012. Kwa hiyo kuhoji haki ya mwandishi mwenye asili ya Korea kusimulia safari ya Mdinka ni kupoteza muda: Salva mwenyewe alimsimulia. Masimulizi ya Mishamo aliyakusanya Liisa Malkki katika Purity and Exile (1995), lakini hicho ni kitabu cha wanaanthropolojia, tena cha Kiingereza. Mwanafunzi wa kidato cha pili hakuandikiwa.