Kulinda Nyuzi za Pamba Wakati wa Kupausha na Kutia Rangi Viwandani

Kitambaa cha pamba kinaweza kutoka kiwandani kikiwa na rangi iliyokolea, kimenyooka na kupendeza machoni, kisha kikachanika begani baada ya kufuliwa mara chache. Mnunuzi huilaumu pamba, au humlaumu mfumaji. Hata hivyo, inawezekana pamba ilikuwa nzuri na ufumaji ulikuwa sahihi, lakini nguvu ya nyuzi ikapotea ndani ya mtambo wa kupausha au wa kutia rangi, katika saa chache ambazo hakuna aliyeona chochote kikiharibika.

Suala hili lina uzito kwa nchi inayolima pamba. Sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania, inayolimwa zaidi katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, huuzwa nje ikiwa bado ni pamba nyuzi. Kila mita ya kitambaa inayotengenezwa nchini huongeza thamani ya zao hilo na ajira za viwandani. Shehena inayorudishwa kwa sababu ya kuchanika hupoteza vyote viwili, pamoja na maji, kuni au umeme na kemikali zilizokwisha kutumika.

Unyuzi wa pamba umejengwa kwa selulosi, yaani minyororo mirefu sana ya chembe za jamii ya sukari zilizoshikamana. Urefu wa minyororo hiyo ndio nguvu ya unyuzi. Minyororo ikikatwa vipande, unyuzi hubaki na umbo lake, weupe wake na hata ulaini wake, lakini haustahimili tena kuvutwa. Ndiyo maana jicho la fundi, hata mwenye uzoefu wa miaka mingi, halitoshi kugundua madhara.

Adui mkubwa wa selulosi ni tindikali. Alikali, yaani kemikali za jamii ya magadi, pamba huzivumilia vizuri. Mwaka 1844 mkemia John Mercer wa Lancashire, Uingereza, aligundua kwamba pamba iliyolowekwa katika kostiki soda kali huvimba, huongezeka nguvu na kunywa rangi kwa urahisi zaidi. Viwanda vinaitumia njia hiyo hadi leo, kitambaa kikiwa kimevutwa ili kisisinyae. Sufu ni kinyume chake kabisa: huyeyuka ikichemshwa katika kostiki, na hupendelea maji yenye tindikali kidogo. Kwa hiyo utaratibu uliofaa kwa aina moja ya nyuzi haupaswi kuhamishiwa kwa nyingine bila kupimwa.

Jambo hili linawagusa pia wajasiriamali wa batiki. Baada ya kutia rangi kwa kostiki, baadhi ya watu hutaka kuondoa utelezi wa kostiki kwa tindikali yoyote iliyo karibu. Siki, au asidi ya asetiki iliyopunguzwa kwa maji, inafaa kwa sababu ni dhaifu na huyeyuka hewani kitambaa kinapokauka. Tindikali ya betri haifai hata kwa kiasi kidogo. Haiondoki kwa kuanikwa. Maji yanapokauka yenyewe hubaki na kuzidi makali ndani ya nyuzi, na kitambaa huoza kikiwa kimekunjwa kabatini.

Viwandani, hatari huanza kabla rangi haijafunguliwa. Kitambaa kinachotoka kwenye mitambo ya kufuma kina wanga uliopakwa nyuzi za mtande ili zisikatike. Wanga huo huondolewa vizuri kwa vimeng'enya, ambavyo hula wanga na kuiacha selulosi. Viwanda vilivyokuwa vikitumia tindikali kwa kazi hiyo viliokoa fedha kidogo na kujiweka katika hatari kubwa. Kinachofuata ni kuchemsha kwa kostiki ili kuondoa nta na uchafu wa asili. Hapa tahadhari ni hewa: kostiki ya moto peke yake haiidhuru pamba sana, lakini ikikutana na oksijeni huanza kuikata selulosi. Kitambaa hutakiwa kuzama chote, na mtambo wa kufungwa hutakiwa kutolewa hewa kabla ya joto kupanda.

Upaushaji ndio wenye ajali za kushangaza zaidi. Viwanda vingi hutumia haidrojeni peroksidi katika maji yenye pH ya karibu 11 na joto linalokaribia nyuzi 100 za Sentigredi. Ikidhibitiwa, peroksidi hung'arisha pamba bila kuidhoofisha kwa kiwango cha kutia wasiwasi. Ikikutana na chuma, hubadilika tabia. Mwaka 1894 mkemia Henry Fenton alieleza jinsi chuma kinavyoichochea peroksidi kuwa kali kupita kiasi. Shaba na manganizi nazo huvuruga kazi hiyo. Chembe moja ya kutu, isiyozidi punje ya mchanga, hutosha kuanzisha mmenyuko mkali mahali ilipokaa. Selulosi inayoizunguka hukatika, na panabaki tundu dogo au doa dhaifu linalosubiri kutoboka.

Tatizo ni kwamba tundu hilo mara nyingi huonekana baada ya kitambaa kutiwa rangi na kuvutwa kwenye mtambo wa kukaushia. Lawama humwangukia mtia rangi. Kiwanda hubadilisha rangi, hubadilisha hata msambazaji, na matundu huendelea, kwa kuwa chanzo ni bomba lililoshika kutu, maji ya kisima yenye chuma, au vipande vya chuma vilivyoingia kwenye pamba tangu kwenye kinu cha kuchambulia. Kipimo cha kuthibitisha ni rahisi na hufanyika kwa dakika chache katika maabara ndogo: tone la asidi ya hidrokloriki iliyopunguzwa makali, kisha tone la potasiamu ferosianidi, huwekwa kwenye doa la kipande cha sampuli. Rangi ya buluu ikitokea, chuma kipo. Kipande hicho hutupwa, maana kimeshatiwa tindikali.

Kinga yake ni kuchuja na kulainisha maji, kutumia matangi ya chuma kisichoshika kutu, na kuongeza kemikali zinazozikamata metali pamoja na silikati ya sodiamu inayoituliza peroksidi. Pamba yenye kutu nyingi huweza kuoshwa kwanza kwa asidi ya oksaliki na kusuuzwa kikamilifu. Peroksidi iliyobaki baada ya kazi huondolewa kwa kimeng'enya cha katalasi, la sivyo itaharibu rangi inayofuata.

Viwanda vinavyotumia klorini vina kanuni yao: maji ya klorini huikata selulosi zaidi yanapokaribia pH ya 7, hivyo lazima yabaki upande wa alikali muda wote.

Rangi zenyewe zimekuwa rafiki kwa pamba kuliko zamani. Rangi tendaji, zilizoingia sokoni mwaka 1956, hujifunga kwenye selulosi kwa msaada wa magadi soda, nyingi zikihitaji joto la takriban nyuzi 60 tu. (Magadi soda hiyo ndiyo bidhaa inayokusudiwa kuzalishwa katika mradi wa Engaruka, wilayani Monduli.) Kinachobaki kuangaliwa hapa ni msuguano. Kitambaa kinachozungushwa kikiwa kimesokotwa kama kamba hujikwaruza na kujikunja, na kulainisha maji kwa mafuta maalumu husaidia. Vitambaa vya sare vyenye mchanganyiko wa poliesta na viskosi vinahitaji uangalifu zaidi. Poliesta hutiwa rangi kwa nyuzi joto 130 ndani ya mtambo wenye mgandamizo, ilhali viskosi ikilowa hupoteza karibu nusu ya nguvu yake. Kupoza mtambo kwa haraka huacha mikunjo isiyonyooka tena.

Nyeusi ya salfa inastahili kutajwa peke yake. Ni rangi ya bei nafuu, imekolea na haichuji upesi, ndiyo sababu hutumika sana kwenye nguo za kazi. Ila salfa iliyobaki ndani ya nyuzi huweza kugeuka polepole kuwa asidi ya salfuriki, hasa katika ghala lenye joto na unyevu kama maghala ya pwani. Kitambaa kilichofaulu vipimo siku ya kupokelewa kinaweza kuwa dhaifu baada ya miezi kadhaa bila kuvaliwa hata mara moja. Viwanda makini hukisuuza mara nyingi, kisha hukimalizia kwa kiasi kidogo cha alikali nyepesi au asetati ya sodiamu, ili tindikali itakayojitokeza ipate cha kuizima.

Udhibiti wa yote haya hutegemea vipimo vya kulinganisha. Vipande vyenye upana wa sentimita 5 huvutwa hadi kukatika, vikichukuliwa kabla na baada ya kila hatua, ili ijulikane nguvu imepotelea wapi. Maabara zenye uwezo huiyeyusha pamba na kupima uzito wa mnato wake; mnato ukishuka, minyororo ya selulosi imekatika, hata kama kitambaa bado kinaonekana kizima.

Shirika la Viwango Tanzania (TBS) ndilo lenye jukumu la kuweka viwango vya bidhaa nchini, vikiwemo vya nguo. Kwa taasisi zinazonunua sare kwa wingi, inafaa mkataba utaje nguvu ya kitambaa baada ya kufuliwa na, kwa nguo nyeusi, baada ya kuwekwa kwenye joto na unyevu kwa muda uliokubaliwa. Kipimo cha siku ya kupokea mzigo pekee hakitagundua nyeusi ya salfa isiyosuuzwa.