Moto wa bibi na mashine ya mjomba

Kimya changu kilikuwa cha mitihani, sikuwasahau. Leo jua la Dar limenichoma toka Yombo mpaka maktaba, jasho mpaka kwenye daftari, halafu eti kazi niliyonayo ni kutafuta mashine ya kuleta joto ndani ya nyumba. Msinicheke, ngoja niwaeleze.

Bibi yangu anakaa Lushoto, kule juu upande wa Magamba. Nyie wa pwani baridi mnaisikia redioni tu. Mwezi wa saba ukungu unaingia mpaka jikoni, na usiku joto linashuka karibu nyuzi 10, siku nyingine chini ya hapo. Mwaka jana bibi aliugua kifua, akaambiwa hospitali aachane na moshi wa kuni. Watoto wake wakachanga, wakamnunulia jiko la gesi. Wote tukashangilia. Hazijapita wiki nyingi, asubuhi moja mdogo wangu kamkuta anatapika, kichwa kinamgonga, jiko la mkaa liko kando ya kitanda na madirisha yote yamefungwa. Gesi ilipika ugali vizuri tu, lakini haikumpa joto, kwa hiyo akajitafutia. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na inaua. Tulinusurika kumpoteza.

Sasa mjomba kasikia habari za pampu ya joto, anataka kununua. Kanipigia: "Wewe si msomi? Nichagulie." Jamani, mimi nasoma historia, si uhandisi! Basi nikaenda kwa njia ninayoijua: watu wa milima ile wamepataje joto tangu zamani, na nani alilipia?

Tuanze na nyumba ya msonge ya Wasambaa. Moto ulikaa ndani, na kazi yake haikuwa moja. Ulipika. Ulipasha joto watu waliolala kuuzunguka. Moshi wake ulikausha mahindi darini na kuwafukuza wadudu, hata nyasi za paa zilidumu zaidi. Gharama yake ilikuwa macho na mapafu ya waliokaa jikoni, na migongo ya waliobeba kuni, yaani akina mama na mabinti. Hadi leo ukipanda barabara ya Mombo utawaona na mizigo yao.

Hapa nikakutana na jambo lililonichekesha. Mwaka 1852 mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyekwisha kufika Usambara mwaka 1848, alirudi mara ya pili kwa mfalme Kimweri ye Nyumbai, ambaye makao yake makuu yalikuwa Vuga. Mwaka huo huo 1852, huko Uingereza, William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, aliandika jinsi mashine inavyoweza kupasha joto au kupoza majengo kwa kuhamisha joto badala ya kuchoma kitu. Hiyo ndiyo pampu ya joto! Si kitu cha ajabu, friji ya kwenu inafanya hivyo hivyo: inatoa joto ndani na kulimwaga nyuma, ndiyo maana mgongo wake ni wa moto. Pampu inageuza kazi: inachota joto kwenye hewa ya nje, maana hata hewa ya nyuzi 10 ina joto, na kulimwaga chumbani. Umeme unatumika kulihamisha tu, kwa hiyo uniti moja ya umeme inaweza kukupa kama uniti tatu za joto.

Wazo lipo tangu enzi za Kimweri, lakini kilichopanda Usambara baadaye kilikuwa kingine. Wajerumani waliipenda Lushoto kwa sababu ya baridi yake, wakaiita Wilhelmstal kwa jina la Kaiser wao. Mwaka 1904 serikali yao ilitoa sheria ya misitu, mwenyeji akaanza kuzuiwa kwenye msitu ambao bibi zake walikuwa wakiokota kuni. Wakati huo huo kampuni ya Wilkins & Wiese ilikuwa inapasua mierezi ya Shume na kuishusha kwa waya mpaka Mkumbara, ikapande treni ya Tanga. Yaani mti mmoja, mwenye nyumba anauona moto, mwenye kampuni anauona mbao, na sheria ikamsikia mmoja.

Akaja Mwingereza. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia akaona udongo unaporomoka, akaanzisha mpango wa Mlalo: watu wachimbe matuta kwenye miteremko, kwa lazima. Udongo ulikuwa unaporomoka kweli. Lakini nani achimbe? Mzigo ukawaangukia watu wale wale waliokuwa na jembe na kuni, wakakataa. Wakati TANU inapata nguvu, mwishoni mwa miaka ya 1950, mpango ukafa. Mwaka 1981 ukaja mradi wa SECAP, wa Watanzania na Wajerumani, ukapanda majani na miti mashambani. Mti wa shambani una faida hii: kuni zinakuwa karibu na nyumba.

Mnaona ninapoelekea? Kila aliyekuja aliona kazi moja ya mti au ya moto, nyingine akaiacha imwangukie mwanamke wa nyumbani. Na sisi wajukuu tumefanya hivyo hivyo! Serikali ina mkakati wa 2024 mpaka 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Ni jambo zuri sana, Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Ila ni ya kupikia. Dar inatosha. Magamba, ukizima kuni umezima na hita ya nyumba, na kama hukuweka kitu badala yake, mtu atavuta jiko la mkaa kitandani.

Haya, nikamfanyia mjomba hesabu. Hita ya kawaida ya waya, ya wati 1,500, ikiwaka saa 4 kila usiku inakula uniti 6, kwa mwezi 180. Pampu inayotoa joto hilo hilo kwa theluthi ya umeme itakula 60. Bibi yuko kundi la D1 la TANESCO, lenye mwisho wa uniti 75 kwa mwezi. Taa, redio na simu zake hazifiki 15. Kwa hiyo pampu inamwacha kwenye bei nafuu, kwa kubanana, na hita inamtoa mbio. Ila kiyoyozi anachokitaka mjomba lazima kiwe cha kupasha joto pia, vingi madukani vinapoza tu. Nikamwambia atazame alama ya jua kwenye rimoti kabla ya kutoa hela.

Na kabla ya mashine, dari! Chumba cha bibi kina bati juu na uwazi kati ya ukuta na paa, ukipeleka joto mle unawapashia popo. Kwanza tuweke dari, tuzibe nyufa, chumba kimoja tu cha kulala. Umeme ukikatika, blanketi na chupa ya maji ya moto. Mkaa ndani, marufuku.

Kitu kimoja kilinifurahisha. Mto Pangani unapokea maji ya Usambara kupitia Luengera na Mkomazi, na ndio unaozungusha mitambo ya Hale, megawati 21 tangu 1964, na New Pangani Falls, megawati 68 tangu 1995. Siku hizi gridi ina vyanzo vikubwa zaidi, lakini sehemu ya joto la bibi bado itatoka kwenye msitu ule ule, safari hii ukiwa umesimama.

Nikampigia bibi kumweleza yote. Akanyamaza, halafu akauliza: "Sasa hiyo mashine, mjukuu wangu, mtakaa wapi kuizunguka?"

Nilikosa jibu. Kazi hiyo ya moto hata mimi nilikuwa nimeisahau. Tumekubaliana hivi: pampu chumbani, gesi ya kupikia, na jiko la kuni lenye dohani kwenye kibanda cha nje kilicho wazi, la jioni wajukuu tukiwepo. Mjomba kalalamika, karidhika. Likizo ikianza napanda na mbao za dari.

Nyie wa Njombe, Makete na Mbulu, kwenu mnaota nini? Niambieni. Mpaka siku nyingine, naenda kutafuta maji baridi!