Ushauri nasaha wa familia kwa uraibu wa kamari

Ushauri nasaha wa familia kwa uraibu wa kamari ni msaada wa kitaalamu unaotolewa kwa njia ya mazungumzo kwa mraibu wa kamari pamoja na watu wake wa karibu, hasa mwenzi wa ndoa, wazazi na watoto. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kushughulikia hisia, kwa kuwa kamari haimalizi fedha tu, bali huvunja pia uaminifu kati ya watu wanaoishi nyumba moja.

== Historia ==
Kundi la kusaidiana la Gamblers Anonymous lilianzishwa Los Angeles, Marekani, mwaka 1957. Baadaye ndugu wa wacheza kamari walipata kundi lao, Gam-Anon.

Mwaka 1980 kamari iliyopindukia iliingizwa katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, DSM-III. Katika DSM-5 ya mwaka 2013 ilihamishiwa kundi la uraibu, pamoja na pombe na dawa za kulevya.

Virginia Satir (1916–1988), mmoja wa waanzilishi wa tiba ya familia, alifundisha kwamba maneno ya mtu mara nyingi huficha hisia zake za ndani. Bonnie Lee wa Kanada alitumia mafundisho hayo kuunda tiba ya wanandoa wanaosumbuliwa na kamari.

== Hisia zinazojitokeza ==
Tofauti na ulevi, kamari haina harufu wala dalili za mwilini. Kwa sababu hiyo familia huweza kugundua tatizo ghafla, wakati ada ya shule haipo au mdai amefika mlangoni. Mwenzi wa ndoa huona amesalitiwa, na hasira yake huwa kali. Chini ya hasira hiyo mara nyingi kuna hofu ya kesho na huzuni ya kupoteza mtu aliyemwamini.

Mraibu naye hubeba aibu. Miongoni mwa dalili 9 zinazotajwa na DSM-5 ni kucheza kamari mtu anapokuwa na dhiki moyoni, kurudi kufukuzia fedha zilizoliwa na kusema uongo ili kuficha. Hivyo kumtukana mraibu kunaweza kumrudisha kwenye kamari: aibu humzidishia dhiki, na dhiki humtafutisha mchezo.

Watoto wanaweza kujilaumu kwa ugomvi wa wazazi. Huhitaji kuambiwa, kwa maneno ya umri wao, kwamba kosa si lao.

== Kazi ya mshauri ==
Mshauri huhakikisha kila mmoja anasema bila kukatizwa. Husaidia familia:
* kuitaja hisia kwa jina lake; kwa mfano "niliogopa tutafukuzwa nyumbani" badala ya "wewe ni mwizi";
* kutofautisha hatia na aibu: hatia husema "nimefanya vibaya", na huweza kumsukuma mtu kurekebisha; aibu husema "mimi ni mbaya", na humfanya ajifiche;
* kutambua hisia zinazotangulia kamari, kama upweke au uchovu, na kupanga la kufanya zinapokuja;
* kujiandaa kwa uwezekano wa mraibu kurudia, bila kuhesabu kazi yote kuwa bure.

Msamaha haulazimishwi. Uaminifu hurudi polepole kwa matendo, kama vile kuonyesha madeni yote na kumwachia mtu mwingine usimamizi wa fedha kwa muda. Familia hushauriwa isilipe madeni ya mraibu kila mara, maana huruma ya namna hiyo humwezesha kuendelea.

Penye kipigo au vitisho, wanandoa hawakutanishwi kwanza, usalama hutangulia. Mraibu mwenye madeni makubwa huulizwa waziwazi kama ana mawazo ya kujiua.

== Afrika Mashariki ==
Nchini Kenya na Tanzania kubeti michezo kwa simu kumeleta kamari mpaka kitandani: mkeka unaweza kuchanika usiku, mwenzi amelala kando. Wengi hupeleka shauri kwa wazee, shangazi, mshenga au viongozi wa dini kabla ya mtaalamu. Wasuluhishi hao wana heshima inayosaidia, lakini kikao kikigeuka cha kumwaibisha mkosaji mbele ya ukoo, huweza kumfunga mdomo.

== Tazama pia ==
* Kamari
* Uraibu
* Ushauri nasaha
* Familia